Picha Kwanza, Kisu Baadaye

*Mwenzi wako akiambiwa ana uvimbe kwenye figo, neno la kwanza linalokuja kichwani ni "kisu". Ngoja kwanza. Kabla ya kisu kuna picha, na picha hiyo ndiyo inayoamua kama atatoka wodini na figo zake mbili, moja na nusu, au moja tu.*

Wapenzi wa siku hizi wanaambizana karibu kila kitu. Namba ya siri ya simu, mshahara (au angalau nusu yake), hadi majina ya waliowahi kuwatosa. Lakini muulize mwenzako leo mkojo wake ulikuwa wa rangi gani, uone atakavyokutolea macho. Hiyo ni siri ya chooni, inaishia huko huko.

Kwa sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita siri hiyo ina hatari ya ziada, kwa sababu damu kwenye mkojo tayari tumeshaipa jina: kichocho. Minyoo ya kichocho cha mkojo inaishi na sisi miaka nenda rudi. Ipo kwenye malambo tunakonyweshea ng'ombe na kwenye majaruba ya mpunga tunakoingia miguu peku. Wapo waliokua wakiona wenzao wakikojoa damu na hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka 38, mwenye kazi yake nzuri mgodini au benki, akiiona damu hiyo, mazungumzo nyumbani yanakuwa hivi:

"Mama nanii, leo nimekojoa rangi kama ya chai kavu."

"Kichocho hicho, Baba nanii. Si juzi tu ulikuwa unaoga lambo kule kwenu? Pitia duka la dawa."

Anameza prazikwanteli, damu inakata, maisha yanaendelea. Hapo ndipo kasheshe linapoanzia. Damu inayotoka kwenye uvimbe wa figo nayo ina tabia ya kuja na kuondoka yenyewe, tena mara nyingi bila maumivu yoyote. Kukata kwake si kupona. Ndiyo, kichocho kipo na dawa yake ni nzuri. Lakini kama maabara haikuona mayai ya minyoo, au umetibiwa na damu imerudi, au umri umesogea na jambo hili ni jipya kwako, usiongeze dozi nyingine kwa kubahatisha. Omba picha.

Kwa nini figo si ya kuchezea

Figo ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, kama ngumi ya mtu mzima, na imejificha nyuma ya tumbo chini ya mbavu. Usiidharau kwa udogo wake. Karibu sehemu 1 kati ya 5 ya damu inayosukumwa na moyo inapitia kwenye figo zako mbili, kila dakika. Ndiyo maana zinasafisha damu vizuri, na ndiyo maana kuzikata ni kazi ya kutoa jasho: ukikosea njia, damu inamwagika kama bomba lililopasuka.

Mwaka 1869, mjini Heidelberg nchini Ujerumani, daktari Gustav Simon alimtoa mgonjwa figo nzima na mgonjwa akapona. Dunia ikajua kwamba mtu anaweza kuishi na figo moja. Kwa miaka mingi baada ya hapo, jibu la uvimbe wa figo lilikuwa hilo hilo: figo yote itoke.

Leo mambo yamebadilika. Uvimbe usiozidi sentimita 4, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anajitahidi kuutoa wenyewe na kuiacha figo. Hata unaofika sentimita 7 hufanyiwa hivyo pale inapowezekana. Sababu iko wazi. Wewe una miaka 35. Mbele yako kuna miaka mingine 40, na ndani ya miaka hiyo inaweza kuingia presha, inaweza kuingia kisukari, na vyote viwili hupenda kuzishambulia figo. Aliyebaki na figo moja na nusu ana akiba. Figo zikishindwa kabisa, kinachofuata ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine, huduma ambayo hapa nchini ilianza Muhimbili mwezi Novemba 2017.

Lakini huwezi kutoa uvimbe na kuacha figo kama hujui uvimbe umekaa wapi hasa. Watu wa Geita mtanielewa haraka. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu anashuka kwenye duara akiufuata mwamba kwa macho, akiupoteza anabahatisha. Mgodi mkubwa kama Bulyanhulu hautoboi njia chini ya ardhi kabla ya kuchoronga miamba na kuchora ramani. Daktari anayeacha nusu ya figo ikiwa hai anafanya kazi ya aina hiyo ya pili. Ramani yake ni picha.

Altrasaundi: mlango wa kwanza

Ni kile kipimo cha jeli ya baridi tumboni ambacho akina mama wajawazito wanakijua vizuri. Hakina mionzi, hakiumi, kinapatikana hadi kwenye vituo vya afya vingi, na bei yake ni ndogo kuliko picha nyingine. Altrasaundi inaweza kutofautisha mfuko wa maji, ambao watu wengi wanao na mara nyingi hauna neno, na nyama ngumu isiyotakiwa kuwepo.

Uvimbe mwingi wa figo siku hizi unaonekana kwa bahati tu. Mtu kaenda kupimwa vidonda vya tumbo au mawe kwenye nyongo, kipimo kikateleza kidogo pembeni, mpimaji akanyamaza na kurudia pale pale. Ikitokea hivyo usiichukie bahati hiyo. Uvimbe unaogundulika kabla haujaleta dalili mara nyingi ni mdogo, na mdogo ndio unaotolewa bila kupoteza figo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya figo wako hai miaka 5 baadaye.

CT-scan: ramani yenyewe

Mashine ya CT-scan ilibuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield akiwa mwajiriwa wa EMI, ndiyo, kampuni ile ile ya santuri za Beatles. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971, mwaka ule ule ambao hospitali ya Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake pale Mwanza. Mwaka 1979 Hounsfield alipata tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini.

Kinachofanyika ni hiki. Unalala kwenye kitanda kinachoingia ndani ya duara kubwa. Mashine inakupiga eksirei kutoka kila upande, kompyuta inazipanga ziwe vipande vyembamba, kama slesi za mkate. Kwa figo, picha moja haitoshi. Inapigwa ya kwanza bila dawa. Kisha inachomwa kontrasti kwenye mshipa wa mkono, unasikia joto linapanda mwilini, wengine wanadhani wamejikojolea. Usiogope, ni dawa. Nusu dakika baadaye mishipa inayopeleka damu kwenye figo inawaka. Zikipita kama sekunde 100 tangu dawa iingie, nyama ya figo inang'aa yote. Dakika chache mbele, dawa inateremka na mkojo na kuonyesha njia zake.

Kila picha inajibu swali lake. Mfuko wa maji hauli dawa, unabaki na weusi wake. Uvimbe wa nyama unakula dawa na kung'aa. Ukionekana una mafuta ndani, mara nyingi ni uvimbe usio saratani. Tena ujue hili kabla hujaanza kuandika wosia: katika uvimbe mdogo wa figo unaotolewa, karibu 1 kati ya 5 hukutwa si saratani.

Baada ya hapo daktari wa upasuaji anakaa na picha na kuhesabu. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walitoa utaratibu wa kuupa uvimbe alama kwa mambo 5: ukubwa wake, kama umechomoza nje ya figo au umezama ndani, umbali wake na mfuko wa kukusanyia mkojo, kama uko mbele au nyuma, na kama uko kwenye ncha au katikati. Alama zikiwa chache, kuokoa figo ni rahisi. Zikiwa nyingi, kazi ipo. Anahesabu mishipa pia, kwa maana karibu mtu 1 kati ya 4 ana mshipa wa ziada unaoingia kwenye figo. Mshipa usioonekana kwenye picha ndio utakaomwaga damu mezani.

MRI inaingia pale ambapo CT haifai au haikumaliza kazi. Haitumii eksirei, kwa hiyo ndiyo kimbilio kwa mjamzito altrasaundi isipotosha, na ni hodari kuonyesha kama uvimbe umeanza kutambaa ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Sasa mgonjwa amelala, mbavu ziko wazi, saa inaanza. Ili aweze kukata bila mafuriko ya damu, daktari anabana mshipa unaoleta damu kwenye figo. Kuanzia hapo figo haipati hewa. Lengo ni kumaliza na kuachia mshipa ndani ya dakika 25 hadi 30, la sivyo figo aliyotaka kuiokoa inaanza kuumia. Baadhi huifunika kwa barafu ili kununua muda. Muda wa kutafuta uvimbe uko wapi haupo.

Hapo altrasaundi inarudi, safari hii si juu ya ngozi. Kichwa kidogo cha kipimo kilichovishwa mfuko safi kinawekwa moja kwa moja juu ya figo. Kama uvimbe umezama ndani, kiasi kwamba jicho halioni na kidole hakigusi, skrini inauonyesha. Daktari anachora mpaka kuuzunguka kwa kifaa cha kuunguza, kabla hata hajabana mshipa. Akishabana, altrasaundi hiyo hiyo inamwambia kama damu kweli imesimama.

Kwenye hospitali kubwa za Ulaya, Marekani na Asia wameongeza mbwembwe. Wanachoma rangi ya kijani iitwayo indosianini, dawa iliyoruhusiwa Marekani tangu 1959, kisha wanatazama kwa kamera ya mwanga usioonekana kwa macho. Figo nzima inang'aa kijani, uvimbe mara nyingi unabaki kiza. Wengine wanachukua CT ya mgonjwa na kutengeneza figo ya plastiki ya kushika mkononi, wakaifanyia mazoezi kabla ya siku yenyewe. Wengine wanafanya kazi kwa mikono ya roboti.

Inavutia, lakini isikukatishe tamaa. Ramani inatoka kwenye CT nzuri, na altrasaundi ndiyo taa ya mkononi. Vyote viwili si vya Ulaya peke yake.

Kwetu je?

Hapa kuna habari njema. Zamani mtu wa Shinyanga au Geita aliyeandikiwa CT-scan alijua safari ya Mwanza imeiva, na wengine waliishia Dar es Salaam. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa masharti nafuu wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikanunua mashine za CT-scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mwaka huo huo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, mkoani Geita, ilianza kutoa huduma. Kwa hiyo picha unaweza kuanza kuisaka karibu na nyumbani.

Upasuaji wenyewe wa kuacha figo ni kazi ya bingwa. Kwa Kanda ya Ziwa njia ya rufaa inaelekea Bugando. Zaidi ya hapo kuna KCMC ya Moshi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifundisha mabingwa wa mfumo wa mkojo, na Muhimbili. Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kilomita kama 160 za lami. Wa Geita nao wamepumua: tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3 juu ya ziwa, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikila masaa imebaki hadithi.

Kitu kimoja usikisahau. Wagonjwa wengi wanapanda gari kwenda rufaa wakiwa na karatasi ya majibu peke yake. Karatasi inasema "uvimbe figo ya kushoto, sentimita 4", basi. Daktari wa upasuaji hawezi kukata kwa kusoma karatasi, anataka kuiona picha yenyewe, slesi kwa slesi. Omba CD ya picha zako kabla hujaondoka, uiweke kwenye begi pamoja na kadi ya bima. Ukiiacha unaweza kurudia kipimo, kulipa mara mbili na kupigwa mionzi mara mbili.

Na bima? Kama mmoja wenu ni mtumishi mwanachama wa NHIF, mwenza wake yumo kwenye orodha ya wategemezi. Nendeni mkahakikishe jina liko hai kabla ya ugonjwa, si baada. Kampuni za migodi nyingi zina bima zao, soma mkataba uone CT na upasuaji mkubwa vimefikia wapi.

Mambo ya chumbani

Tuyaseme, maana ndiyo yanayoulizwa kwa kunong'ona koridoni.

*Akitolewa figo, nguvu za kiume zinaisha?* Hapana. Figo haitengenezi mbegu wala haisimamishi chochote. Woga, kidonda kibichi na mawazo vinaweza kupunguza hamu kwa muda. Mpe muda, msimpe jina.

*Nitaweza kubeba mimba?* Wanawake wengi wenye figo moja nzima wanabeba na kujifungua salama. Daktari wa kliniki aambiwe mapema ili presha na mkojo vifuatiliwe kwa karibu.

*Mishipa ya korodani inahusika vipi?* Mwanaume mtu mzima akiona ghafla mishipa imevimba upande mmoja wa korodani, hasa kama haipungui akilala, asikimbilie mizizi. Mara chache huwa ni uvimbe wa figo uliobana mshipa unaoteremsha damu kutoka huko. Altrasaundi ya figo itasema.

*Ni zebaki ya machimboni?* Zebaki inaharibu figo, hilo halina ubishi, na kuichoma jikoni huku watoto wakicheza pembeni ni hatari. Lakini vinavyojulikana sana kuongeza hatari ya saratani ya figo ni sigara, unene uliopitiliza na presha. Vyote vitatu vinaanzia nyumbani kwenu.

Na kama mna mtoto mdogo, upo uvimbe wa figo wa watoto, unaowapata zaidi walio chini ya miaka 5. Mara nyingi anayeugundua ni mama au dada wa kazi wakati wa kumwogesha: tumbo limekuwa gumu upande mmoja. Usiliminyeminye kila anayekuja aone, na usipoteze wiki kwa mganga. Mpeleke hospitali. Wengi hupewa kwanza dawa za kusinyaza uvimbe, ndipo upasuaji ufuate, na picha ndizo zinazoonyesha kama umesinyaa.

Maswali 7 ya kuingia nayo kwa daktari

Mgonjwa akishasikia neno "uvimbe", masikio yanaziba. Ndiyo maana mwenzi anatakiwa awe kwenye kiti cha pili, na kalamu mkononi. Si wa kulia, ni wa kuandika. Uliza:

1. Uvimbe una sentimita ngapi, na umechomoza au umezama?
2. CT ilipigwa na kontrasti, kwa hatua zote? (Taja mapema kama una mzio, pumu, kisukari au ujauzito.)
3. Figo nyingine ikoje, na kreatinini ya damu inasemaje?
4. Kuna dalili umegusa mshipa mkubwa, au umesambaa kwenye mapafu?
5. Je, unaweza kutolewa wenyewe na figo ikabaki? Kama hapana, ni kwa sababu gani?
6. Kutakuwa na altrasaundi ndani ya chumba cha upasuaji?
7. Baada ya hapo nitarudi kupigwa picha lini, na kwa miaka mingapi?

Swali la 5 lisikupe kiburi. Wakati mwingine jibu sahihi ni figo yote itoke, kwa sababu uvimbe ni mkubwa au umekaa vibaya, na daktari anayekwambia hivyo anakuokoa. Wapo watu wengi waliowagawia ndugu zao figo moja na wanaendelea kufanya kazi, kulea na kupendana. Kinachouma ni kupoteza figo ambayo ingebaki, eti kwa sababu miezi 8 iliisha mkiita kila tone kichocho.

Kwa hiyo leo usiku, baada ya habari na kabla ya tamthilia, muulize. Mkojo wako ulikuwa wa rangi gani? Akicheka, cheka naye. Akinyamaza, kesho asubuhi mwende pamoja.